Kuomba chumba bora hotelini

Kuomba chumba bora hotelini ni ombi la mgeni anayetaka kupewa chumba cha hadhi ya juu kuliko alicholipia, bila kuongeza fedha au kwa nyongeza ndogo. Katika hoteli kubwa ombi hilo hukubaliwa hasa kwa wateja wa mara kwa mara, au pale vyumba vya daraja la chini vinapojaa. Katika nyumba ndogo za kulala wageni, maarufu kama gesti, hutegemea zaidi mazungumzo kati ya mgeni na mhudumu wa mapokezi.

Mazingira ya Handeni na Korogwe

Handeni na Korogwe ni miji ya Mkoa wa Tanga, kaskazini mashariki mwa Tanzania. Korogwe iko kwenye barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Moshi na Arusha. Handeni iko kusini magharibi yake. Wanaolala gesti katika miji ya namna hii ni pamoja na wafanyabiashara, madereva, watumishi wa umma walio safarini na watu wanaokwenda msibani au harusini.

Kwa kawaida chumba cha bei nafuu hutumia choo na bafu vya pamoja, na chumba chenye choo na bafu ndani huitwa "self". Bei hutofautiana pia kwa ukubwa wa kitanda, feni au kiyoyozi, televisheni na maji ya moto.

Namna ya kuomba

Ombi huanza kwa salamu: "shikamoo" kwa aliyemzidi mgeni umri, au "habari za kazi" kwa wengine. Neno "naomba" hupokelewa vizuri kuliko "nataka" au "nipe". Mfano: "Habari za kazi, dada. Samahani, kama kuna self itakayobaki wazi leo, naomba unisaidie kwa bei hii." Neno "kama" humwachia mhudumu nafasi ya kukataa bila aibu.

Wakati nao una maana. Anayefika mapema huwa na vyumba vingi vya kuchagua, lakini mhudumu bado anatarajia wateja wa bei kamili. Usiku ukienda, chumba kilicho wazi kinaweza kulala bila mtu, hivyo kupunguza bei huwa rahisi zaidi.

Sababu ya kweli husaidia, kwa mfano kusafiri na mtoto mchanga, mgonjwa au mzee anayeamka usiku, au kukaa siku kadhaa. Lakini kama bomba halitoi maji au chandarua kimechanika, mgeni haombi fadhila: ana haki ya kutengenezewa au kubadilishiwa chumba.

Mipaka

Mhudumu wa mapokezi mara nyingi ni mwajiriwa anayekabidhi hesabu kwa mwenye nyumba kulingana na vyumba vilivyotumika. Akitoa self kwa bei ya chumba cha kawaida bila ruhusa, anaweza kudaiwa tofauti hiyo. Kwa hiyo ni uungwana kumwomba ampigie simu mwenye mamlaka badala ya kumshinikiza aamue peke yake.

Kumpa mhudumu fedha kwa siri, au kumtaka asiandike jina katika kitabu cha wageni, si ombi tena bali ni udanganyifu. Jibu likiwa "hapana", mgeni hushukuru na kupokea ufunguo wa chumba alicholipia.