Majina ya Vitu na Asili Yake: Mifano Miwili ya Kentucky

Mwanafunzi wa lugha hufundishwa mapema ya kuwa jina la kitu si ushahidi wa asili yake. Lakini aingiapo katika nyumba ya makumbusho, mara nyingi husahau. Jimbo la Kentucky, lililoingia katika Muungano wa Marekani mwaka 1792, likiwa la kwanza upande wa magharibi wa milima ya Appalachia, latupa mifano miwili.

Wa kwanza ni bunduki iitwayo ya Kentucky. Haikubuniwa huko. Walioiunda, katika karne ya 18, ni mafundi wa Pennsylvania, wengi wao wenye asili ya Kijerumani, hasa katika sehemu za Lancaster. Bunduki ya kwao Ulaya ilikuwa fupi, yenye tundu pana; wao wakaurefusha mtutu na kulipunguza tundu, ili baruti na risasi zisitumike nyingi, maana mwindaji wa nchi mpya alikuwa mbali na duka. Ilishindiliwa kwa mdomo kama gobori. Lakini ndani ya mtutu ilichongwa mifereji ya kuzunguka, na risasi ikavikwa kitambaa chenye mafuta. Ilipotoka ilikuwa ikizunguka, nayo haikupotoka upesi. Jina la Kentucky lilienezwa na wimbo uliowasifu wawindaji wa huko baada ya vita vya New Orleans vya mwaka 1815. Wimbo, basi, uliwashinda wafua chuma!

Mfano wa pili ni banjo, ambayo wengi huidhania kuwa ni mali ya Wazungu wa milimani. Watumwa ndio walioiunda ng'ambo ya bahari kwa kufuata vinanda vya Afrika ya Magharibi: kibuyu kilichowambwa ngozi, mpini na nyuzi, umbo lisilo geni kwa ajuaye zeze. Thomas Jefferson, mwenyewe bwana wa watumwa, aliandika katika miaka ya 1780 kwamba walikuja nayo kutoka Afrika. Aliandika hayo katika kitabu chake juu ya Virginia, na Kentucky wakati ule ilikuwa sehemu ya Virginia. Hesabu ya watu ya mwaka 1790 ilikuta Kentucky watu 73,677, na katika hao watumwa 12,430.

Bunduki nyingi za zama zile zaonyesha hata leo jina la fundi, limechorwa juu ya mtutu. Banjo za vibuyu zilizosalia ni chache mno, na waliozitengeneza kwa kawaida hawajulikani.