Airsoft: tazama uzito kabla ya kununua masasi
Huko Ufaransa, bunduki za mchezo wa airsoft hazipaswi kupita nguvu ya juli 2, na zile zinazopita juli 0,08 haziuzwi kwa mtoto asiyetimiza miaka 18. Masasi yake ni vipira vya plastiki vya milimita 6.

Wengi wananunua vya gramu 0,20 sababu bei ni ndogo. Ndani ya nyumba vinatosha. Inje, upepo unavipeleka pembeni; vya gramu 0,28 vinatoka polepole lakini vinanyooka zaidi, ila bunduki dhaifu haivifikishi mbali. Kipira kilichookotwa chini kisirudishwe ndani: muchanga unakwaruza mtutu.

Miwani ya kukinga macho ni lazima, hata kipira chepesi kinaweza kupofusha. Na hapa kwetu mashariki, kutembea nayo barabarani ni hatari kubwa: kwa mbali, askari hawezi kujua kama ni ya mchezo.