Mtoto akiwa juu ya boriti: lini upige makofi, lini unyamaze

Katika miji yetu mikubwa, jimnastiki si mchezo wa kutazamwa kwenye televisheni peke yake. Baadhi ya shule na vilabu huwafundisha watoto, na wazazi hualikwa kuja kutazama mashindano. Hapo ndipo tatizo huanzia, kwa maana wengi wetu tumelelewa katika viwanja vya mpira. Tumezoea kushangilia kwa firimbi, vuvuzela na vigelegele, na mzazi anayenyamaza huonekana kana kwamba hajali. Anayeingia katika ukumbi wa jimnastiki na desturi hizo anaweza, bila kukusudia, kumwangusha mtoto wake mwenyewe au wa mwenzake.

Swali hili nililetewa na mama mmoja aliyefika kliniki na bintiye wa miaka tisa. Msichana alikuwa ameteguka kifundo cha mguu baada ya kuanguka mashindanoni. Mama alitaka kujua kama ni kweli kelele za watazamaji zaweza kumfanya mtoto ateleze, jinsi kocha alivyodai, au kama kocha alikuwa akitafuta kisingizio. Jibu ni kwamba kelele zaweza, lakini si kelele za kila aina. Tofauti hiyo ndiyo inayompasa mzazi kuielewa.

Fikiria kwanza kifaa chenyewe. Boriti wanayochezea wasichana ina urefu wa mita 5 na upana wa sentimita 10 tu, yaani karibu upana wa kiganja cha mtu mzima. Kwa watu wazima huinuliwa sentimita 125 kutoka chini. Juu ya kijiti hicho msichana hutakiwa kuruka, kuzunguka na kupinduka kichwa chini miguu juu, na mchezo wote hauzidi sekunde 90. Ili asianguke, ubongo wake hutegemea habari kutoka pande tatu: macho, viungo vya mizani vilivyo ndani ya sikio, na neva za misuli na maungio. Habari hizo zinapaswa kuafikiana kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho.

Sasa chukua sauti kali inayolipuka ghafla, kama kigelegele au firimbi. Mwili wa binadamu una kinga ya kale dhidi ya sauti ya namna hiyo. Kabla hujawaza lolote, macho hufumba, shingo hujikunja, mabega hupanda na misuli hukakamaa. Yote hutokea kwa muda usiofika hata sehemu moja ya kumi ya sekunde. Hakuna mazoezi yanayoweza kuizima kabisa kinga hiyo, kwa sababu haisubiri amri ya akili. Ukishtuka ukiwa umekaa kwenye kiti, huna hasara. Lakini mtoto aliye hewani, ambaye macho yake yanatafuta mahali pa kukanyaga, akifumba macho na kukunja shingo wakati huo, mguu hutua pembeni.

Mwanga wa kamera una hatari ya namna hiyo hiyo, na ndiyo sababu umepigwa marufuku katika mashindano ya jimnastiki. Ukimulikwa usoni, doa jeupe hubaki machoni kwa muda hata baada ya mwanga kuzimika. Piga picha upendavyo, lakini hakikisha mwanga wa simu yako umezimwa kabla ya kuketi. Wengi hudhani wameuzima kumbe simu inaamua yenyewe.

Je, basi watazamaji wakae kimya kama walio msibani? La. Na hapa kuna kisa cha kufundisha. Tarehe 5 Agosti 2024, katika fainali ya boriti ya Michezo ya Olimpiki mjini Paris, kila mtazamaji aliyejaribu kushangilia alinyamazishwa na wenzake. Ukumbi ukawa kimya kabisa. Wasichana kadhaa walianguka, wakiwemo Wamarekani Simone Biles na Sunisa Lee, ambao ni mabingwa waliokomaa. Mwitaliano Alice D'Amato ndiye aliyebaki imara na kutwaa dhahabu. Baadaye Biles alilalamika kwamba ukimya ule haukuwa wa kawaida, na kwamba wao hupendelea muziki au sauti fulani nyuma yao. Siwezi kudai kwamba ukimya ndio uliowaangusha. Hata hivyo, lalamiko lao linaafikiana na yale tunayoyajua kuhusu mwili.

Ubongo huzoea sauti isiyobadilika. Anayeishi kando ya barabara ya Jogoo hulala usingizi mzito malori yakipita usiku kucha, lakini akienda kulala kijijini hushtuliwa na mbwa mmoja. Ukumbi wenye mvumo wa kawaida huizamisha sauti ndogo ya ghafla. Katika ukumbi ulio kimya, kikohozi tu au simu inayolia hugeuka kuwa mlipuko. Watazame vijana wetu wa sarakasi wanapopandiana mabegani. Ngoma haikomi, na mdundo wake ni ule ule tangu mwanzo hadi mwisho. Wanaujua, wanautarajia, na haumshtui yeyote.

Kwa hiyo kanuni ni kumwepusha mtoto na sauti asiyoitarajia. Mwite jina lake na umpigie makofi anapokwenda kusimama mbele ya kifaa. Anapoinua mikono kuwasalimu waamuzi, punguza sauti. Akiwa juu ya boriti, usipige makofi anaporuka au kupinduka. Ngoja miguu ikae na mabega yatulie, halafu pongeza. Kwenye vyuma vya kuning'inia, tulia hadi ashuke. Katika mchezo wa zulia, ambao wasichana huucheza kwa muziki, hapo una uhuru zaidi: makofi yanayofuata mdundo humpa nguvu, mradi tu yasizime muziki anaoufuata. Miguu yote miwili ikishatua na akawasalimu waamuzi kwa mara ya pili, piga vigelegele hadi upaze koo.

Kuna jambo jingine ambalo wageni wa mchezo huu hulisahau. Aghalabu vifaa kadhaa hutumiwa kwa wakati mmoja katika ukumbi ule ule. Mtoto wako amemaliza kwenye zulia, nawe unaruka kwa furaha, kumbe upande wa pili mtoto wa mwenzako ndio kwanza anapinduka juu ya boriti. Tazama upande huo kabla ya kupaza sauti. Sekunde tatu za kusubiri hazitapunguza furaha yako.

Yapo pia maneno ambayo hayashtui masikio bali huutia moyo uzito. "Usianguke!" ni mojawapo. Mtoto aliyekuwa anawaza kuhusu hatua yake sasa anawaza kuhusu kuanguka. Mwingine ni mzazi anayefundisha kutoka vitini: "Nyoosha mguu! Inua kichwa!" Kanuni za kimataifa humzuia hata kocha kusema na mchezaji akiwa mchezoni, na akifanya hivyo alama hukatwa. Ikiwa kocha amezuiwa, wewe unatoka wapi?

Mtoto mwenye hofu hutoa homoni ya adrenalini kwa wingi. Moyo humwenda mbio, viganja hutoka jasho, tumbo husokota na pumzi huwa fupi. Kiasi kidogo cha hali hiyo humsaidia kuwa macho. Kikizidi, viganja vyenye jasho huteleza kwenye chuma licha ya ule unga mweupe wanaojipaka. Wala tusidhani kwamba hofu ni udhaifu wa watoto wasio na mazoezi. Mwezi Julai 2021 huko Tokyo, mashindano yalipofanyika bila watazamaji wa kawaida, Biles alijiondoa katika fainali ya timu baada ya kupoteza uwezo wa kutambua yuko wapi akiwa hewani. Matarajio ya watu yalimfikia ijapokuwa viti vilikuwa vitupu.

Kwa sababu hiyo mtazame mwanao siku chache kabla ya mashindano. Ikiwa kila mara tumbo humuuma asubuhi ya siku hiyo, anakosa usingizi, au ameanza tena kukojoa kitandani, usikimbilie dawa ya minyoo. Muulize anaogopa nini. Mara nyingi, jibu ni safari ya kurudi nyumbani, ambapo baba huhesabu makosa yote ndani ya gari huku akimlinganisha na mtoto wa jirani. Mwambie ulifurahi kumtazama, kisha umwache yeye mwenyewe aanzishe habari za alama. Na tafadhali usitaje uzito wake, wala usiruhusu shangazi autaje kwa mzaha pale vitini. Wasichana wa mchezo huu huwa rahisi kuanza kujinyima chakula, na anayejinyima hukawia kubalehe na mifupa yake hudhoofika.

Kuhusu waamuzi, kuzomea hakumsaidii mtoto wako na humuumiza anayemfuata. Mjini Athens mwaka 2004, watazamaji walizomea kwa dakika nyingi kwa kuona Mrusi Alexei Nemov amepunjwa alama kwenye chuma cha juu. Mmarekani Paul Hamm, aliyekuwa zamu yake, alilazimika kusimama akingoja misuli ikipoa. Nemov mwenyewe ndiye aliyesimama na kuwasihi watu watulie. Alama zake ziliongezwa kidogo, lakini hakupata medali.

Sasa tuje kwenye jambo linalonisumbua zaidi mimi kama daktari: mtoto anapoanguka. Ukumbi mzima huanza kupiga makofi ili ainuke, na mtoto huinuka hata akiwa ameumia, kwa sababu anaona haya kubaki chini. Dunia ilimsifu Kerri Strug huko Atlanta mwaka 1996 aliporuka mara ya pili akiwa ameumia kifundo, huku umati ukivuma. Alitua, akasimama kwa mguu mmoja, kisha akabebwa. Hesabu zilionyesha baadaye kwamba timu yake ingeshinda hata bila mruko ule. Alikuwa na miaka 18. Mtoto wa miaka tisa hana budi kulindwa zaidi, kwani ncha za mifupa yake bado ni laini na jeraha la hapo laweza kuharibu ukuaji wa mfupa.

Basi mtoto akianguka, nyamaza kwanza. Waache kocha na watu wa huduma ya kwanza wamtazame. Usiruke kizuizi kwenda kumwinua, hasa ikiwa ametua kwa kichwa au shingo, maana kumwinua vibaya kwaweza kuongeza jeraha la uti wa mgongo. Makofi yaje akishasimama salama au anapotolewa nje.

Aliyegonga kichwa kisha akawa na kizunguzungu, kichwa kuuma, kichefuchefu, kuona vitu viwili viwili, au anayeuliza swali lile lile mara mbili, asirudi mchezoni siku hiyo, hata akilia kwamba yuko sawa. Yafaa apimwe na daktari, na arudi mazoezini polepole baada ya dalili zote kwisha. Kwa maumivu mpe parasetamoli kulingana na umri wake, usimpe aspirini. Usiku huo mtu mzima alale karibu naye. Akitapika tena na tena, kichwa kikizidi kuuma, akishikwa na degedege, mkono au mguu ukilegea, maji au damu ikitoka puani au sikioni, au ikiwa vigumu kumwamsha, mpeleke hospitali mara moja bila kungoja kupambazuke.