BABU ALIYEITWA TABORA

Wazee wa upande wa mwanamwali walikuwa wamekwisha keti mikekani, na chai ilikuwa imenywewa, ndipo mmoja wao akamgeukia mdogo wangu, ambaye ni askari polisi, akamwambia: "Kijana, tutajie nasaba yako." Mdogo wangu akasimama wima kama aliye gwaridani. Akamtaja baba yetu. Akamtaja babu yetu. Alipofika kwa baba wa babu alisema, "Tabora," kisha akanyamaza, kwa kuwa mbele ya jina hilo hapakuwa na jina jingine lolote tulilolijua.

Ndugu msomaji asiye wa Buganda yafaa aelezwe. Kule kijana hutaja wazee wake ngazi kwa ngazi, toka lunyiriri, kupitia mutuba na ssiga, mpaka afike kwa mkuu wa ukoo. Si mapambo ya sherehe. Watu wa ukoo mmoja ni ndugu, na ndugu hawaoani, hata kama hawajapata kuonana tangu enzi za mababu. Mwanamwali alikuwa wa ukoo wa Nsenene. Sisi tulikuwa wa ukoo gani? Wazee wakatupa muda wa kwenda kutafuta, wakaondoka kwa adabu.

Nyumbani kwetu ilikuwa ikisemwa siku zote kwamba babu mkubwa alikuwa Mnyamwezi aliyekuja kutoka Tabora baada ya Vita vya Kwanza. Alizungumza Kiswahili na wenzake wa vitani, akasilimu, akafa mwaka 1964 bila ya kusimulia habari za utoto wake. Marehemu amu yangu alikwisha kuandika barua hadi Tabora kuuliza. Wakamjibu kwa upole kwamba jina la mji si jina la mtu. Maneno hayo tuliyachukua kuwa ni mzaha, kumbe ndani yake ndimo ulimokuwa ufunguo.

Familia nyingi za askari zimekwama mahali kama hapo. Mwanamume aliingia kambini na jina la kwao, karani akaandika alivyosikia, au wenzake wakampa lakabu, na watoto waliozaliwa kambini wakarithi lakabu hiyo kama ndiyo nasaba. Aliyebahatika kukuta cheti cha kuachishwa jeshi sandukuni asiliangalie jina peke yake, bali aishike namba ya jeshi, maana majina hugongana. Medali za Waingereza za Vita vya Kwanza aghalabu zimechorwa namba na jina ukingoni. Zile walizozitoa kwa Vita vya Pili zilitolewa bila jina. Wapagazi wana shida kubwa zaidi, kwani mwezi wa Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba walio wengi waliokufa Afrika Mashariki hawakupata kuandikwa majina yao kwenye kumbukumbu yoyote.

Babu alikuwa mpagazi. Hilo nililielewa nilipoacha kuuliza "Tabora alitoka wapi?" nikauliza "Nani mwingine alifika Tabora?" Mwaka 1916 majeshi ya Wabelgiji yaliuteka mji huo kutoka kwa Wajerumani, tarehe 19 Septemba, na miongoni mwa waliowabebea mizigo walikuwamo wapagazi waliochukuliwa kutoka Uganda. Basi huenda babu hakutoka Tabora, bali alikwenda Tabora, akarudi hai, na wenzake wakamwita kwa jina la safari iliyomshinda kila mtu kuisimulia. Niliona haya. Mimi niliyesomea ualimu na kufundisha watoto historia kabla ya kuhamia ofisini, nilikuwa nimeisoma habari ya vita hivyo bila ya kumwona babu yangu ndani yake.

Lakini dhana si ushahidi. Nikaenda kwa shangazi, ambaye alilelewa na mzee huyo. Safari hii sikumwuliza jina wala kabila, mambo ambayo alikwisha kuyajibu mara mia. Nilimwuliza mzee alikula nini, alikataa nini, na nani alikuja kumtembelea. Shangazi akacheka. "Mwanangu, mzee alikuwa wa ajabu. Novemba senene wakianguka, kijiji kizima kinakula, yeye anatoka nje. Akasema wanamdhuru tumbo."

Sikucheka. Katika Buganda mtu hali mwiko wa ukoo wake.

Mdogo wangu alipopata habari alinisihi niishie hapo. Alisema tumbo ni tumbo, na kwamba watu wengi hawapendi senene. Kweli, jambo moja halitoshi kuthibitisha, na ndiyo sababu nilikataa kuacha. Kama ningeishia hapo, mashaka yangeingia ndani ya ndoa yake na kukaa humo.

Shangazi alikumbuka pia mwanamke Mkristo aliyekuwa akija na ndizi, akimwita mzee "kaka" na kulia kidogo kila akiondoka. Sisi sote tulikuwa tumemtafuta mwanamume asiye na maandishi, ilhali dada yake alibatizwa! Wamisionari Wafaransa walifika Buganda mwaka 1879, na madaftari ya ubatizo ya parokia zao huwa na majina ya wazazi, na pembezoni huongezwa habari za ndoa. Padre wa parokia aliyotutajia shangazi aliniruhusu kuketi na daftari siku mbili. Hapana budi kusoma kwa masikio zaidi kuliko macho, maana r na l hubadilishana katika Kiganda, na maandishi ya zamani hayafuati tahajia ya leo. Siku ya pili nikamwona: jina lake, jina la baba yake, na kijiji cha kando ya Ziwa Viktoria.

Kijiji hicho hakipo tena. Ugonjwa wa malale uliua watu wanaokadiriwa zaidi ya 200,000 katika Uganda kati ya 1900 na 1920, na kuanzia mwaka 1906 Gavana Hesketh Bell aliamuru watu wahamishwe kutoka ukanda wa maili 2 kando ya ziwa. Watoto wale wawili walitawanywa wakati huo, kila mmoja akalelewa kwake.

Pembezoni palikuwa na jina la mume wa dada. Kwa jina hilo niliwapata wajukuu zake, nao, kama ilivyo desturi, waliujua vema ukoo wa wajomba zao. Wakanipeleka kwa mzee mmoja wa ukoo huo. Aliponisikia aliketi kimya muda mrefu. Kwao mpagazi yule alihesabiwa kuwa amekufa vitani. Matanga yake yalikwisha kumalizwa, na mrithi akasimikwa, miaka mingi kabla sijazaliwa.

Ukoo ni Nsenene.

Posa ilivunjwa kwa maneno mazuri. Zawadi tulizokwisha kuzipeleka hazikurudishwa, wala hatukuzidai. Baba yetu, ambaye tangu utotoni aliitwa mtu wa kuja, alikwenda kwa wazee wale akakaa nao wiki nzima, akarudi anazitaja ngazi zote bila ya kukosea. Mdogo wangu hakusema nami kwa miezi minne.

Novemba iliyopita alikuja nyumbani kwangu asubuhi akitoka zamu ya usiku. Mke wangu, ambaye ukoo wake hauna mwiko huo, alikuwa amekaanga senene kwa ajili ya wageni. Mdogo wangu aliitazama sahani kwa kitambo, akaisogeza mbali naye, akaomba chai.