Mbuzi Wazima wa Malta na Homa ya Garissa

Mgonjwa akifika zahanati Garissa akiwa na homa inayopanda na kushuka, jasho la usiku na maumivu ya kiuno, kwanza hutajwa malaria, kisha taifodi. Bruselosisi hukumbukwa baadaye, dawa nyingine zikishashindwa.

Bakteria wake si mgeni. Mwaka 1887 David Bruce, daktari wa jeshi la Uingereza kisiwani Malta, alimpata kwenye bandama za askari waliokufa kwa homa hiyo. Je, bakteria huyo aliwafikiaje askari? Jibu lilichukua miaka 18. Hewa ilishukiwa, maji machafu yakashukiwa, hata mbu. Mwaka 1905 daktari Mmalta, Themistocles Zammit, alipima damu ya mbuzi waliokuwa wakikamuliwa mlangoni mwa wateja, akakuta dalili za maambukizi. Mbuzi wenyewe walikuwa wakila vizuri na kutoa maziwa; nani angewadhania? Mwaka 1906 askari walipigwa marufuku kunywa maziwa ya mbuzi, na wagonjwa jeshini wakapungua ghafla. Raia wa kisiwa, ambao maziwa hayo ndiyo waliyokuwa nayo, waliendelea kuugua.

Huku kwetu yupo pia ngamia, ambaye anaweza kubeba bakteria huyu bila kuonyesha lolote. Maziwa yake hunywewa mabichi, au yakigandishwa kuwa suusac. Kufukiza kibuyu kwa moshi na kuyachachusha maziwa hakuhakikishi usalama, kuyachemsha kunatosha. Njia nyingine ya kuambukizwa ni kumzalisha mnyama au kushika kondo la nyuma kwa mikono mitupu, hasa mimba inapotupwa.

Utafiti wa 2014 na 2015 katika hospitali za kaskazini mashariki uliwathibitisha wagonjwa 146. Kati yao 29, yaani mmoja kati ya watano, kipimo cha kingamwili za damu kilisema hawana. Wala haikupatikana dalili moja ya mwili inayoaminika kuutambulisha ugonjwa. Kilichojitokeza ni kugusana na mifugo na kunywa maziwa mabichi. Kwa hiyo naona swali la maziwa na mifugo liulizwe mapema, kabla ya mgonjwa kuandikiwa dawa ya tatu.

Tiba kwa kawaida ni antibiotiki mbili kwa muda wa wiki sita. Nafuu huja mapema zaidi, na hapo ndipo wengi hushawishika kuacha dawa, homa ikarudi. Waliokunywa kwenye kibuyu kimoja na mgonjwa nao wapimwe.