Pikipiki Kuukuu Isiyotaka Kuwaka Asubuhi

Katika miezi ya Juni, Julai na Agosti, ukungu ushukapo kutoka Kirimaara na kutanda juu ya mashamba ya chai na kahawa, sauti moja husikika alfajiri tangu Timau na Kibirichia mpaka Chogoria, Runyenjes na Manyatta. Ni sauti ya kiki ikipigwa tena na tena, na injini ikikohoa mara moja kisha kunyamaza. Mwenye pikipiki hutokwa na jasho ingawa baridi ni kali. Abiria naye, akiisha kungoja robo saa, huenda zake kumtafuta mwingine.

Jambo hili si dogo. Maziwa hayana budi kufika penye kupimwa kabla ya jua kupanda. Miraa ya Igembe haingoji mtu, kwa kuwa nguvu yake hupungua upesi, na baada ya siku mbili hivi tangu kuchumwa thamani yake imekwisha kuanguka. Na mwanamke aliyeshikwa na uchungu wa kuzaa saa kumi za usiku, mahali ambapo gari haliwezi kupita kwa matope, hutegemea pikipiki ya jirani iwake kwa kiki ya kwanza au ya pili.

Pikipiki zilienea sana katika wilaya hizi baada ya mwaka 2008, Serikali ya Kenya ilipoondoa kodi ya VAT juu ya zile zilizo chini ya sisi 250. Kabla ya hapo zilikuwa chache, nyingi zikiwa za maofisa wa kilimo, walimu na wamisheni. Zile zilizonunuliwa wakati huo wa kwanza sasa ni kuukuu, nazo zimepita katika mikono ya watu watatu au wanne. Nyingi ni za kutoka China, na injini zao zimefuata mfano wa Honda CG125 iliyotokea mwaka 1976. Nyingine ni Bajaj Boxer na TVS za kutoka India. Karibu zote hutumia kabureta. Pikipiki mpya zenye kupuliza petroli kwa nguvu ya umeme zina mambo yake, wala hatutazisema hapa.

KAZI YA KABURETA

Watu wengi hudhani kwamba petroli ndiyo iwakayo ndani ya injini. Sivyo. Petroli ikiwa maji haiwaki. Uwakao ni mvuke wake uliochanganyika na hewa. Tena hewa itakiwayo ni nyingi kuliko mtu awezavyo kudhani: lita 1 ya petroli yahitaji karibu lita 9,000 za hewa ya pwani ili iungue yote sawasawa.

Kabureta ndiyo ipimayo mchanganyiko huo. Chini yake kuna bakuli dogo lenye petroli, na ndani ya bakuli huelea boya ambalo hufunga njia petroli ifikapo kimo chake. Juu ya bakuli kuna koo jembamba. Pistoni ishukapo huvuta hewa kupitia koo hilo, hewa hukimbia kwa kasi, na mahali penye kasi mkandamizo hupungua. Basi petroli hupanda kutoka bakulini kupitia vitundu vidogo viitwavyo jeti na kutawanyika katika hewa. Jeti ndogo hulisha injini pikipiki ikiwa imesimama. Ukianza kuvuta mafuta, sindano ndefu iliyomo ndani hupanda na kuachilia petroli zaidi. Ukivuta mpaka mwisho, jeti kubwa ndiyo iamuayo.

Sasa kwa nini isumbue asubuhi? Kila mama ajua kwamba nguo iliyofuliwa siku ya ukungu haikauki. Petroli nayo ni vivyo hivyo. Penye baridi haigeuki mvuke upesi. Nyingi hushikamana na kuta za chuma baridi, na kidogo tu ndicho kifikacho kwenye cheche. Kwa hiyo injini baridi yahitaji petroli nyingi kuliko kawaida ili mvuke upatikanao uweze kutosha. Hiyo ndiyo kazi ya choki.

Choki ni za namna mbili, na mtu asiyejua yake ni ipi huharibu kazi. Namna ya kwanza ni kibati kidogo kizibacho mdomo wa kabureta upande wa hewa. Ukikifunga, waweza kuvuta mafuta kidogo sana huku ukipiga kiki. Namna ya pili haizibi kitu, bali hufungua njia ya pembeni ya petroli; nayo hufanya kazi vizuri wakati kishikio cha mafuta kimefungwa kabisa. Mtu akiwa na choki hii, naye akavuta mafuta kwa pupa, huipunguzia nguvu ya kuvuta na injini haiwaki. Tumewaona vijana wengi hodari wakifanya hivyo kila asubuhi, kisha wakailaumu plagi.

Injini ikiwaka, iache ipate joto dakika moja au mbili, kisha rudisha choki pole pole. Kuendesha safari nzima choki ikiwa imefungwa ni kumwaga fedha njiani, na petroli isiyoungua huosha mafuta ya kulainisha kutoka ukutani pa silinda, nazo ringi zikaliwa.

Ikiwa umepiga kiki mara nyingi na sasa wasikia harufu kali ya petroli, acha. Injini imezama. Rudisha choki, vuta mafuta mpaka mwisho, na upige kiki mara tano au sita ili hewa ikaushe. Isipowaka, fungua plagi, uifute na kuikausha, kisha urudie.

USIANZE NA KABURETA

Fundi mwenye akili huanza mbali na kabureta, kwa sababu makosa mengi hayamo ndani yake. Haifai kuigusa skrubu hata moja kabla ya kuangalia mambo mengine.

Kwanza ni plagi. Ifungue baada ya safari, utazame ncha yake. Ikiwa ina rangi ya udongo mwekundu uliokauka, mchanganyiko ni mzuri. Ikiwa nyeusi kwa masizi makavu, petroli ni nyingi au hewa imezibwa. Ikiwa nyeupe kama chokaa, hewa ni nyingi, na hiyo ni hatari, maana injini huchemka kupita kiasi. Ikiwa imelowa mafuta meusi, basi ringi au vifuniko vya valvu vimechakaa, wala hakuna kabureta itakayoponya ugonjwa huo. Nafasi ya cheche mara nyingi ni kati ya milimita 0.6 na 0.8, plagi ya zamani iliyolika huwa na nafasi kubwa mno, na cheche hushindwa kuruka asubuhi.

Pili ni kichujio cha hewa. Wale waendeshao katika vumbi la Tharaka na Mbeere wajua wenyewe. Kichujio kilichojaa vumbi ni kama choki isiyofunguliwa kamwe.

Tatu ni valvu, na hapa yafaa tukae kidogo, kwa kuwa ndilo jambo lisahauliwalo kuliko yote. Kila mtu aliyewahi kutia upepo gurudumu la baiskeli ajua kwamba pampu hupata moto. Hewa ikibanwa huwa na joto. Ndani ya silinda joto hilo la kubanwa ndilo lisaidialo kugeuza petroli kuwa mvuke asubuhi. Lakini pikipiki ikitembea miezi mingi, valvu hukaa chini zaidi katika makalio yake, na ile nafasi ndogo kati ya valvu na mkono unaoisukuma hupungua mpaka ikaisha. Valvu haifungi tena barabara, pumzi huvuja, na mguu wa mtu unaozungusha injini pole pole hauwezi kuubana mchanganyiko upate joto. Injini ikiisha kuwaka huzunguka kwa kasi, hata uvujaji huo hausikiki sana. Mtu husema, “Ni baridi tu,” kumbe valvu inaungua.

Katika injini nyingi za namna ya CG nafasi hiyo ni milimita 0.08, yapata unene wa karatasi ya daftari. Hupimwa injini ikiwa baridi kabisa, pistoni ikiwa juu na valvu zote mbili zimefungwa. Pikipiki nyingine zina vipimo vyao, kwa hiyo hapana budi kutazama kitabu au kumwuliza fundi aijuaye aina hiyo. Kazi hii haimalizi saa moja, nayo imewaokoa wengi wasinunue kabureta mpya bila sababu.

Nne ni petroli yenyewe. Mafuta ya taa yakichanganywa na petroli, injini yenye joto yaweza kwenda nayo, lakini asubuhi hukataa, kwa sababu mafuta ya taa hayageuki mvuke kwa urahisi. Udanganyifu huo ulizidi mno nchini hata mwezi wa Septemba 2018 Serikali ikaweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, ili faida ya kuchanganya ipungue. Petroli ya chupani kando ya barabara ina mashaka yake. Maji pia huingia, hasa wakati wa mvua au tangi likikaa nusu tupu katika baridi. Chini ya bakuli la kabureta kuna skrubu ya kumwagia. Ifungue, kinga petroli katika chupa safi ya kioo, na uitazame. Maji hukaa chini kama shanga.

KUREKEBISHA

Ikiwa hayo yote ni mazima, sasa kabureta. Funga petroli, ishushe kabureta, fungua bakuli. Jeti ndogo ina tundu jembamba kama unywele, na ndiyo izibwayo kwanza pikipiki ikikaa bila kutumika. Ioshe kwa petroli safi na uipulize kwa pampu. Usiichokoe kwa waya. Waya hupanua tundu, na tundu lililopanuka halirudi. Wala usilipulize kwa kinywa, kwani petroli ni sumu. Sigara na jiko la makaa viwe mbali. Tazama pia mpira uunganishao kabureta na injini: ukiwa na ufa, hewa huingia kwa mlango wa nyuma na kazi yote ni bure. Nyunyiza maji kidogo juu yake injini ikinguruma. Mlio ukibadilika, ufa upo.

Baada ya kurudisha kila kitu, washa injini na uiendeshe kilomita tatu au nne ipate joto. Kuna skrubu mbili. Moja huinua au kushusha mlio wa chini. Nyingine hupima mchanganyiko. Izime injini, uikaze ile ya mchanganyiko taratibu mpaka iguse tu, kisha uilegeze mzunguko mmoja na nusu. Washa. Sasa ilegeze au uikaze robo ya mzunguko kila mara, ukingoja kidogo usikilize, mpaka mlio upande na kuwa laini kabisa. Kisha shusha mlio kwa skrubu ile nyingine.

Lakini angalia sana: skrubu ya mchanganyiko ikiwa upande wa injini, hupima petroli, na kuilegeza ni kuongeza petroli. Ikiwa upande wa kichujio, hupima hewa, na kuilegeza ni kupunguza nguvu ya petroli. Mafundi wa kando ya njia hulichanganya jambo hili mara kwa mara.

Wenyeji wa nchi ya milima wana shida ya pekee. Huko Timau, zaidi ya meta 2,000 juu ya bahari, hewa ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu moja ya tano. Kabureta iliyopimwa kwa nchi ya chini itatoa petroli nyingi mno huko, na plagi itakuwa nyeusi. Wengine basi hupunguza petroli mpaka mwisho ili kuweka akiba ya fedha, halafu hushuka Isiolo, au hutoka Manyatta kushuka Ishiara, na magunia mawili nyuma. Huko hewa ni nzito, mchanganyiko huzidi kukosa petroli, jua ni kali, na pistoni huungua. Afadhali kuipima pikipiki kwa mahali ifanyapo kazi siku nyingi, na kuiacha na petroli kidogo zaidi kuliko pungufu.

Liko neno moja tena. Kwa kuogopa wezi, watu wengi hulaza pikipiki chumbani pamoja na watoto, na alfajiri huiwasha humo humo mlango ukiwa umefungwa, ili ipate joto pasipo baridi. Moshi wake una gesi iitwayo kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, nayo huzidi kuwa nyingi hasa choki ikiwa imefungwa. Huingia katika damu na kushika mahali pa hewa njema. Mtu husikia kichwa kuuma, kisha usingizi, na aliye usingizini haamki. Pikipiki isukumwe nje kwanza, hata kama mvua yanyesha, ndipo ipigwe kiki.

Na usiku wa baridi, ufikapo nyumbani, funga petroli kwenye tangi. Asubuhi ifungue, ngoja bakuli lijae, shika klachi, na upige kiki pole pole mara tatu kabla ya kufungua ufunguo wa moto, ili mafuta mazito ya injini yalegee. Kisha choki, ufunguo, na kiki moja ya nguvu.