Fundi Asiye na Randa

Kijana anayejifunza useremala katika vyuo vyetu vya VETA hafundishwi kupigilia misumari tu. Hufundishwa kusoma mchoro, kupima, kunoa patasi, na kuunga mbao kwa ulimi na tundu hata kiungo kishike pasipo kulegea. Hujua pia kwamba ubao mbichi, ujapokuwa wa mninga, ukifanywa mlango kabla ya kukauka hauna budi kupinda.

Elimu hiyo ni mali ya taifa. Tangu VETA ilipoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, tozo wanayolipa waajiri imesaidia kuigharimia.

Lakini twauliza: cheti kikisha kutolewa, kijana huyo atafanya kazi kwa zana zipi? Cheti hakipasui ubao. Asiye na randa wala msumeno huazima, na kazi ya kuazima hukoma mwenye chombo akitakapo chake.

Njia ipo. Sheria ya Tanzania inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na katika hizo, asilimia 4 ni za vikundi vya vijana. Basi yafaa wanafunzi waungane wangali chuoni, waandikishe kikundi chao, waombe mkopo wa kununua zana za shirika. Nazo halmashauri zinapohitaji madawati, ziwakumbuke mafundi hao.

Chuo kimekwisha timiza wajibu wake. Uliobaki ni wetu, ndugu wananchi.